Makofi Hayajengi Njia ya Baiskeli

Kuna aina ya video ambayo siku hizi ikianza tu kwenye simu yangu naipitisha. Piano inalia taratibu. Mtu anakimbia alfajiri, jua linachomoza nyuma yake. Maneno yanatokea moja moja: alipoteza kazi, alifiwa na mume, alivunjika mguu, daktari akamwambia hatatembea tena. Halafu baiskeli. Halafu maji. Halafu utepe wa kumalizia, machozi, na nembo ya kampuni iliyolipia. Inaisha kwa dakika tatu, na wewe uliyelala hapo kitandani umeulizwa kwa adabu sana: huyu ameweza, wewe unangoja nini?

Naishi Kitengela. Nafanya triathloni, kwa kadiri inavyowezekana kuifanya mahali ambapo maji ya kuoga tunanunua kwa mtungi. Kwa hivyo mtu asije kuniambia naongea kwa wivu, ama ati sijui raha ya kumaliza. Naijua. Mwaka 2023 kiwanda kimoja cha nguo nilichokuwa nashonea kilitupunguza, tukaondoka na mshahara wa mwezi mmoja na barua. Nilikaa miezi minne nikilala mchana na kukesha usiku. Aliyenitoa ndani ni mama mmoja wa mboga wa ploti yetu, mjane, ambaye alikuwa ameanza kuendesha baiskeli ya marehemu mumewe kwa sababu hakuwa na roho ya kuiuza.

Tuko watano sasa. Huyo mama, jamaa wa nduthi mwenye chuma kwenye paja, nesi anayetoka zamu ya usiku akija moja kwa moja, kijana aliyemaliza Form Four anayengoja karo ya chuo, na mimi. Siku ya Jumamosi tunaondoka kwa baiskeli kabla jua halijatoka, tunaelekea upande wa Isinya, tunageuka, tunaziacha baiskeli kwa nyumba ya nesi na kukimbia kilomita tano kwenye vumbi. Mara moja kwa mwezi tunachanga tukaogelee kwenye kidimbwi cha hoteli chenye urefu wa mita 12 hivi. Triathloni fupi ni mita 750 majini, kilomita 20 kwa baiskeli na kilomita 5 kwa miguu. Piga hesabu: kwenye kidimbwi hicho mita 750 ni kwenda na kurudi mara 31 na kitu, ukikwepa watoto wenye maboya na mwanamume aliyesimama katikati akipiga selfie.

Na kilichoniponya, kwa vile nimeulizwa mara nyingi, hakikuwa kuumia. Watu wa video wanapenda sana kuumia. Mimi nasema ni hiki: kujua kwamba saa kumi na moja na nusu kuna watu wanne wamesimama kwa stage, na usipotokea watapiga simu, na usiposhika simu watakuja kugonga. Baiskeli ilikuwa kisingizio kizuri cha watu kugongeana mlango.

Sasa, mwaka jana wakaja watu wa kamera. Kampuni sitaitaja. Walikuwa vijana wazuri, wamevaa vizuri, wakatununulia chai na mandazi. Walimtaka mama wa mboga. Akakaa kwenye stuli mbele ya meza yake ya sukuma na nyanya, akawaeleza: mume aliugua, hospitali ikawa na bili, akakopa kwa chama, akakopa kwa simu, mume akafariki, deni likabaki. Alieleza deni kwa muda mrefu. Alitaja kila kiasi. Kijana wa kamera akamwambia, "Mathe, hiyo ya pesa tumeipata. Hebu rudia ile ya kulia ukiwa kwa baiskeli."

Yeye akamwangalia tu. "Kijana wangu, nililia kwa sababu ya pesa."

Ilipotoka, deni halikuwemo hata kidogo. Kulikuwa na huzuni, kulikuwa na baiskeli, kulikuwa na ushindi. Watu elfu kadhaa wakaweka vidole gumba na misuli ya mkono. Nilisoma maoni yote usiku huo na nikatafuta mtu mmoja, mmoja tu, aliyeuliza bili ilikuwa ya ngapi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ukimtoa mjane kwenye deni lake ukambakishia machozi na magurudumu, umemfanya aonekane kama mtu ambaye shida yake ilikuwa moyoni, na moyo umepona, basi sote twende nyumbani. Ilhali deni liko pale pale na linazaa riba. Hadithi za hivi zinapendwa na wenye kampuni na wanasiasa kwa sababu hazimdai mtu chochote. Hakuna anayetakiwa kujenga kitu. Hakuna anayetakiwa kulipa. Aliyeshindwa ameshindwa kwa uvivu wake, na aliyeweza ameweza kwa roho yake.

Hata zile hadithi kubwa za mchezo huu, zile zinazosambazwa dunia nzima, ukizifungua kidogo unakuta zimekatwa vivyo hivyo. Chukua Dick Hoyt na mwanawe Rick wa Massachusetts, Marekani. Rick alizaliwa mwaka 1962 akiwa na mtindio wa ubongo, hawezi kutembea wala kuongea. Baba yake alimsukuma kwenye kiti, akamvuta kwa mashua ndogo majini, akambeba mbele ya baiskeli, katika mashindano zaidi ya 1,100, zikiwemo triathloni ndefu kabisa za Ironman: kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli, halafu marathoni nzima. Umeona picha yao, hata kama hukujua majina. Ni baba, ni mapenzi, basi.

Lakini kabla ya picha hiyo kuna mambo ambayo hayana piano. Mwaka 1972 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Tufts walimtengenezea Rick kompyuta ya kuandika kwa kugusa swichi kwa kichwa. Mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, aliingia shule ya umma, baada ya wazazi wake kupigania aruhusiwe. Mbio ya kwanza ilikuja mwaka 1977. Na ilikuja kwa sababu Rick, ambaye sasa alikuwa na njia ya kuongea, aliomba mwenyewe wakimbie. Bila kompyuta hakuna ombi. Mwaka 1993 alipata digrii ya Chuo Kikuu cha Boston. Miguu ya Dick ilikuwa na nguvu, sikatai, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa na shule na maabara.

Ama Chris Nikic, kijana wa Florida, mtu wa kwanza mwenye ugonjwa wa Down kumaliza Ironman, Novemba 2020, kwa saa 16 na dakika 46, huku muda wa mwisho ukiwa saa 17. Ujasiri? Mwingi. Lakini pembeni yake siku nzima kulikuwa na mwelekezi, na nyuma yake kulikuwa na programu ya michezo iliyompokea muda mrefu kabla kamera hazijafika.

Tukirudi nyumbani: Kajiado si mahali pasipojua kazi hii. Kule Kimana, chini ya Kilimanjaro, tangu mwaka 2012 kuna Olimpiki za Wamaasai, ambapo morani hushindana kukimbia, kurusha mkuki na rungu, na kuruka juu, badala ya kuthibitisha uanaume kwa kuua simba. David Rudisha amekuwa mlezi wake, mwaka ule ule aliokimbia mita 800 London kwa 1:40.91. Unaweza kubishana na mengi kuhusu miradi ya wanyamapori, na mimi hubishana, lakini angalia walichofanya: walitazama vijana wana nini tayari, wakaweka uwanja, ratiba, zawadi, na sababu. Hawakutafuta morani mmoja wa kulia mbele ya kamera.

Sasa angalia barabara ya Namanga inayopita Kitengela. Malori ya Tanzania, mathree, nduthi, punda wa maji, watoto wa shule, na sisi. Baiskeli inapita kwenye ukingo wa lami, na ukingo huo asubuhi nyingine ni kokoto, asubuhi nyingine ni mtaro, asubuhi nyingine ni kibanda cha mtu. Mwaka 2023 zaidi ya watu 4,000 walikufa kwenye barabara za Kenya, na wengi wao walikuwa waendao kwa miguu na watu wa pikipiki. Jamaa wetu mwenye chuma kwenye paja hakukipata vitani. Alipigwa na pick-up akiwa amebeba abiria. Katika video naye yumo, sekunde nne, akipanda kilima. Maneno yaliyoandikwa chini yake yalisema "alikataa kushindwa". Kushindwa na nani? Na pick-up?

Najua kuna msomaji atakayeniuliza, na ana haki: wewe unadai njia za baiskeli na vidimbwi kwenye kaunti ambayo juzi tu ilipoteza mifugo kwa misimu mitano ya mvua iliyokosa, kati ya 2020 na 2023? Watu wa Kitengela wanakunywa maji ya kisima yenye chumvi, na floraidi inapaka meno ya watoto rangi ya kahawia, na wewe unataka kuogelea? Kidimbwi cha mita 25 kwa 10, kina cha mita moja na nusu kasoro kidogo, kinabeba kama lita 350,000. Hizo ni safari 35 za boza la lita 10,000.

Nimeipiga hesabu hiyo mwenyewe kwa hivyo sitaikimbia. Ikiwa pesa ni za kitu kimoja, chota maji ya kunywa kwanza. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema maji safi ya kutosha ni haki, na hakisemi kitu kuhusu kuogelea. Lakini Katiba hiyo hiyo, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya viwanja na huduma za michezo na burudani. Si hisani. Ni kazi, kama zahanati. Na mtaala mpya wa shule unataja kuogelea. Mtoto wa dada yangu amefundishwa somo hilo akiwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, akirusha mikono. Mvua ikinyesha, mashimo ya machimbo yanajaa maji, na watoto hao hao waliofundishwa kwa nyasi wanaenda kuruka humo. Kidimbwi kimoja cha umma, kimoja, chenye mtambo wa kusafisha maji ili yatumike tena na tena, si anasa ya watu wa triathloni. Njia ya baiskeli nayo haihitaji hata tone.

Watakaonijibu kwamba hadithi za kutia moyo zimewasaidia, sina ugomvi nao. Mtu ashike kinachomshikilia. Ninachodai kwa wanaozitengeneza ni kidogo: muacheni mama aseme deni. Muacheni jamaa aseme pick-up. Wekeni bei ya baiskeli (yangu ni ya mtumba, elfu 28, nililipa mara tatu), wekeni bei ya kiingilio cha hoteli, wekeni saa ambazo nesi hakulala. Halafu tuone kama piano itatosha.

Tulienda wote watano kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti. Tulifika mapema, tukakaa viti vya mbele, tukangoja hadi saa nane. Mzee mmoja aliuliza kama triathloni ni aina ya ng'ombe wa maziwa na ukumbi ukacheka, sisi pia tukacheka. Zamu yetu ilipofika, karani aliyekuwa anaandika maoni akainua kichwa akauliza neno hilo linaandikwaje.

"Liache hilo," mama wa mboga akamwambia. "Andika: njia ya baiskeli, Kitengela hadi Isinya, pande zote mbili. Na chini yake uandike jina langu."