AFYA NYUMBANI: Urefu na Uzito wa Mtoto wa Shule

Mkulima mwema hapiti shambani mwake siku moja tu akasema mahindi yamestawi au yamedumaa. Huyatazama juma hata juma, akakumbuka yalipokuwa na kuona yalipofika. Lakini wako wazazi wengi wajuao vizuri kimo cha mahindi yao, wala hawajui kimo cha watoto wao. Mtoto akiisha kupita miaka mitano, kadi yake ya kliniki hutiwa sandukuni, na tangu hapo hapimwi tena ila sare ya shule inapomwia fupi. Hiyo ni hasara, na leo twataka kueleza sababu yake.

Kwanza, yafaa kufahamu kwamba hakuna kipimo kimoja kiwafaacho watoto wote. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali ya ukuaji wa watoto wa miaka 5 hata 19. Kwa majedwali hayo, mvulana wa miaka 7 aliye wa katikati ana urefu wa sentimita 122 hivi, na msichana 121. Hata hivyo mvulana wa sentimita 112 bado yumo katika mipaka ya afya, na wa sentimita 130 vilevile. Wazazi wafupi mara nyingi huzaa watoto wafupi, wala huo si ugonjwa. Basi kumpima mwanao kwa mtoto wa jirani ni kazi bure.

Jambo la kutazamwa ni mwendo. Tangu miaka 5 mpaka karibu na kubalehe, mtoto mwenye afya huongezeka sentimita 5 au 6 kila mwaka, na kilo 2 au 3. Kisha huja wakati wa kurefuka upesi. Wasichana huuanza wakiwa na miaka 10 au 11, na wavulana kama miaka miwili baadaye. Ndiyo sababu katika darasa la sita wasichana wengi huwapita wavulana kwa kimo, na haifai kumcheka yeyote kati yao.

Kupima si kazi ngumu. Mtoto avue viatu, asimame wima, visigino na mabega vikiugusa ukuta, macho yakitazama mbele. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa chake, kilale sawasawa, kisha utie alama ya kalamu ukutani pamoja na tarehe. Fanya hivyo kila miezi sita, saa zilezile za siku, maana mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni.

Uzito nao hausemi neno ukiwa peke yake. Sharti ulinganishwe na urefu. Gawanya kilo kwa urefu wa mita, kisha jibu lile uligawanye tena kwa urefu uleule. Mvulana wa miaka 10 mwenye kilo 32 na urefu wa mita 1.38 hupata karibu 17. Mtu mzima mwenye hesabu hiyo angehesabiwa kuwa amekonda, kwani hutakiwa asipungue 18.5; lakini kwa mvulana huyo ni afya njema. Yeye akipita 18.5 ndipo huhesabiwa kuwa uzito umemzidi. Kwa hiyo mtu asichukue kipimo cha wakubwa akampimia mtoto.

Je, chakula chaweza kumsaidia mtoto aliyekwisha kuingia shule? Kati ya 1998 na 2000 wataalamu walilijaribu jambo hili katika shule 12 za Embu. Watoto wengine walipewa githeri yenye mafuta, wengine githeri na nyama, wengine githeri na maziwa, na wengine hawakupewa kitu. Waliokula nyama walizidi kujenga misuli ya mikono, tena walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa akili. Miongoni mwa watoto waliokuwa wafupi kwa umri wao, waliokunywa maziwa ndio walioongezeka kimo zaidi.

Hapo pana shauri kwa mfugaji apelekaye maziwa yote kwenye chama cha ushirika na mayai yote sokoni ili apate karo. Twajua kikombe kimoja kila siku ni fedha. Lakini karo hulipwa ili mtoto ajifunze, na mtoto mwenye njaa husinzia darasani, kisha huadhibiwa kwa uvivu asiokuwa nao. Kikombe hicho ni sehemu ya karo.

Na karani wa mjini asijidhani kuwa yu salama kwa kuwa mwanawe ni mnene. Unene wa soda, chipsi na kukaa mbele ya televisheni si siha. Asimnyime chakula, bali apunguze vitu vya sukari, na mtoto acheze na kukimbia kwa muda wa saa moja kila siku.

Mtoto asipofikisha sentimita 4 kwa mwaka mzima kabla ya kubalehe, au akipungua uzito, usimpe dawa za dukani kwa kubahatisha. Mpeleke kwa daktari pamoja na tarehe zako za ukutani. Huenda ni minyoo, upungufu wa damu au kifua kikuu, na yote hayo yana matibabu, lakini ni heri yaonekane mapema.