Kidonge cha kukesha si usingizi

Ndugu wafanyakazi wa shimoni, ninyi madereva, na akina mama wa kambi,

Kila zamu ya usiku inapokaribia, mtu anakuja dispanseri kuniambia: «Munganga, nipe kidonge kile cha kufukuza usingizi.» Simpi. Wengine wanakasirika, wanasema naficha dawa. Basi nieleze mbele ya wote.

Dawa za namna hiyo ziko kweli. Moja inaitwa modafinili. Ilivumbuliwa Ufaransa katika miaka ya 1970, nayo inafaa hasa kwa mgonjwa wa nakolepsi, ugonjwa wa ubongo unaomwangusha mtu usingizini mchana, hata kama usiku alilala. Marekani wanaikubali pia kwa watu wanaosumbuliwa na usingizi katika kazi ya usiku. Lakini tazameni walichokiona huko. Mwaka 2005 madaktari walitangaza majaribio ya watu 209 wa kazi ya usiku wenye shida hiyo. Kabla ya dawa, wakilazwa wakati wa zamu walipitiwa na usingizi baada ya dakika 2 hivi. Waliopewa modafinili wakafika karibu dakika 4. Faida iko, ila ni ndogo. Mtu wa dakika 4 mimi simwachii usukani wa lori kwenye barabara ya Kisangani, wala mashine ya kutoboa mwamba.

Mwaka 2010 wakaguzi wa dawa wa Ulaya walisema ibaki kwa nakolepsi peke yake, kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa mkali wa ngozi na kuvuruga akili. Na mama anayemeza vidonge vya kupanga uzazi ajue kwamba modafinili inavipunguzia nguvu.

Vile vya sokoni ndivyo vinanitisha zaidi. Tramadol ni dawa ya maumivu. Haifukuzi usingizi, inaweza hata kuuleta, na mwenye kuizidisha anaweza kuanguka kwa degedege. Dawa nyingine za mafua na za kuwashwa nazo zinalewesha usingizi. Kabla ya kumeza, niulize kama unaendesha mashine.

Mtu anayesinzia kila siku anataka kutafutiwa sababu. Pengine damu imepungua. Pengine anakoroma sana, pumzi inakatika usiku, anaamka amechoka kama hakulala. Jambo hilo mke ndiye anayelisikia, kwa hiyo mama, usione haya kuja naye. Aliyetoka sehemu zenye mbung'o, kama kule Maniema, aseme, tumpeleke kupimwa malale. Tangu mwaka 2018 Kongo imekubali vidonge vya feksinidazoli, vya siku 10, ambavyo kwa wagonjwa wengi vimeondoa haja ya kuwekewa maji ya dawa mshipani. Dawa hiyo inaua mdudu mwenyewe anayeleta usingizi. Hiyo naisifu bila kificho.

Lakini wengi wanaonijia hawana ugonjwa. Hawalali tu. Ametoka shimoni asubuhi, anakwenda shambani, mchana anaitwa kwenye kilio, jioni anarudi kazini. Wakubwa nao wanamwita kwenye mkutano saa nane mchana, wakati mwenzao yuko katikati ya usiku wake. Hilo silikubali, na nimewaambia. Mkutano wa zamu ya usiku ufanywe jioni, kabla ya kuingia kazini.

Nyumbani, weka kitambaa kizito dirishani, redio izimwe, watoto wacheze kwa jirani. Kahawa yetu ya Kivu inywewe mwanzo wa zamu, si mwisho, maana baada ya saa 5 hivi karibu nusu ya nguvu yake bado iko mwilini. Na ukisikia shingo inaanguka kazini, simamisha mashine, mwite kapita. Akikugombeza, mlete kwangu tuzungumze naye.