Mti unaofunguka kwa kipanya tu ni nusu mti

Wiki hii hapa kampasi kila ukipita maabara ya kompyuta ni mradi, mradi, mradi. Wa mwaka wa tatu wameanza kuonyeshana kazi zao, na kuna kitu kimoja nisipokisema sitalala. Ni ule mti wa menyu upande wa kushoto wa ukurasa, ile orodha ya folda zenye kamshale kadogo: ukikabofya folda inafunguka, ndani kuna folda nyingine, na nyingine tena. Karibu kila mtu kauweka, na karibu yote inafunguka kwa kipanya tu. Sogeza kipanya pembeni, ushike kibodi peke yake, uone kama hujakwama mlangoni.

Msimamo wangu ni huu: kama hauko tayari kufanya kazi yote ya tawi, usitengeneze mti. Weka orodha ya kawaida.

Maana shida yenyewe iko kwenye tawi moja moja. Tawi lina kazi mbili ambazo watu wanazichanganya: kufungua vilivyomo ndani yake, na kukupeleka kwenye ukurasa wake. Mtu anataka tu kuona mada za wiki ya 3, anajikuta katupwa ukurasa mwingine kabisa. Tenganisha bwana! Mshale uwe kitufe cha kufungua, jina liwe kiungo. Na kitufe kiwe kitufe kweli, siyo div iliyopakwa rangi. Div haipokei kibodi mpaka uilazimishe, na haimwambii mtu kitu.

Haimwambii nani? Tuna wenzetu wasioona hapa hapa kampasi. Wengi wanatumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona. Programu hii inasoma kilichoandikwa kwenye msimbo. Kamshale kakigeuka kutazama chini, wewe unaelewa tawi liko wazi. NVDA haijui habari hiyo mpaka uandike aria-expanded, true likiwa wazi, false likifungwa. Kuna mshkaji wangu, kwenye mfumo mmoja wa masomo (jina kapuni), kila wiki ilibidi aombe mtu amfungulie tawi ili apate noti zake. Mtu anayenipita kwenye pepa, anabembeleza kufunguliwa mlango! Hapo ndo roho inaniuma.

Sasa utawasikia wajuaji: "Si naandika tu role ya tree na treeitem, imeisha!" Haijaisha, ndo kwanza umeanza. Maneno hayo yanatoka kwenye kanuni za WAI-ARIA za W3C, toleo la 1.0 lilipitishwa mwaka 2014, na ukiyaandika umemwahidi mtumiaji kwamba mti wako utatembea kama zile folda za Windows. Mshale wa kulia unafungua tawi lililofungwa. Ukibonyeza tena unaingia kwa mtoto wa kwanza. Wa kushoto unafunga, na kama tawi limeshafungwa unakurudisha kwa mzazi. Wa juu na wa chini inapita kwenye matawi yanayoonekana tu. Home inakupeleka mwanzo, End mwisho. Tab inaingia kwenye mti mara moja na kutoka, kwa hiyo tawi moja tu ndo lina tabindex 0, mengine yote -1, na hiyo sifuri inahama kila unapohama. Tawi lisilo na watoto lisiwekewe aria-expanded kabisa, utakuwa unatangaza mlango ambao haupo. Halafu kile kitufe pembeni ya kiungo nilichokisema juu hakikai vizuri ndani ya mti wa aina hii, kwa sababu treeitem yenyewe ndo inayopokea kibodi.

Kazi yote hiyo kwa menyu ya ngazi mbili ya nini jamani? Kama unatengeneza programu ya kupanga mafaili yenye mamia ya folda, sawa, jifunge kibwebwe. Kwa orodha ya kozi, weka ul ndani ya li, kitufe chenye aria-expanded, basi. Au tumia details na summary, ambazo tangu mwaka 2020 zinakubaliwa na vivinjari vyote vikubwa, na zinafunguka hata JavaScript ikigoma kupakia kwa mtandao wetu huu wa kobe.

Najua, msimamizi anapenda kitu kinachong'aa, na maktaba zilizo tayari ziko kibao. Nyingine zimetengenezwa vizuri sana. Ila usiiamini kwa sura. Chomoa kipanya dakika mbili, tembea mti mzima kwa kibodi. Kisha washa NVDA, fumba macho, utafute noti za wiki ya 3. Ukishamaliza shika simu: WCAG 2.2 ya mwaka 2023 inataka sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24, na vidole vyetu mnavijua.

Hayo yote hayagharimu hata shilingi ya boom. Mwenye hoja tofauti anikute maabara, tubishane kwa amani. Ila aje bila kipanya!