Sekunde 30 za Nani?

Kuna anayedai hivi: ofisi ndogo za Bugembe zatosheka na STP ya zamani (itifaki inayofunga njia za akiba kati ya swichi ili data isizunguke bila mwisho), maana waya ukikatika mtandao hurudi baada ya sekunde 30, na kompyuta haziathiriki.

Thelathini hizo kazipata kwa kuchomoa waya kwenye swichi ileile yenye njia ya akiba! Hapo swichi inajua papo hapo. Njia ikifia mbali, husubiri kwanza sekunde 20, kisha 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza: jumla 50. Simu ya intaneti imeshakatika. Kwa RSTP, toleo la haraka la STP lililotoka 2001, swichi huulizana na kukubaliana, mara nyingi chini ya sekunde moja.

Eti kompyuta haziathiriki? Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta huomba anwani poti ikiwa bado imefungwa, hukosa, hujipa ya 169.254, na karani hukwama. Washeni RSTP, na poti za kompyuta ziwekeni kuwa za pembeni (edge), zifunguke mara moja.