Taa Isiyo na Mwenyewe

Msomaji, wako watu wasemao kuwa kijiji kisichofikiwa na nguzo za umeme hakina budi kungoja. Wako na wengine wasemao kuwa kijiji hicho kipewe mtambo wa jua bure, na shida itakuwa imekwisha. Nasema bila kusita kwamba wote wamekosea. Wa kwanza hufundisha uvivu. Wa pili hufundisha kuomba.

Simama nami hapa Katelembo, utazame vilima vya Machakos. Matuta ya mashamba yana fundisho. Serikali ya kikoloni iliwashurutisha Wakamba kuchimba matuta. Mengi yaliachwa yakabomoka, kwa kuwa mchimbaji hakuyahesabu kuwa yake. Baadaye watu walichimba kwa hiari katika vikundi vya mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule, na kazi hiyo ikadumu. Udongo ulikuwa ule ule na jembe lile lile. Kilichobadilika ni moyo wa mchimbaji.

Umeme nao ni hivyo. Mwaka 2012 mtambo wa jua wa kilowati 13.5 ulijengwa katika soko la Kitonyoni, Makueni, sehemu iliyokuwa ndani ya wilaya ya Machakos hadi 1992. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walisaidia. Lakini wenyeji waliunda chama cha ushirika, na watumiaji wakalipia umeme wao. Mimi sisifu vioo vilivyo juu ya paa. Nasifu ushirika ulio chini yake.

Utauliza, "Kwa nini maskini alipe, na jua halitozi kodi?" Swali ni jema. Jua ni bure, lakini betri si bure. Betri huchoka baada ya miaka kadhaa, iwe ilinunuliwa au ilitolewa sadaka. Kijiji kilichoweka akiba hununua nyingine. Kisichoweka hurudi kwenye koroboi, na watoto wake husoma katika moshi. Mtoa zawadi aliyekuwapo siku ya sherehe hayupo siku ya giza.

Sisemi serikali isamehewe wajibu wake. Nguzo tuzidai, na tuzidai kwa sauti. Lakini kudai si kulala.

Basi, kijana, umalizapo masomo, usirudi kijijini kwako kuuliza ni nani atakayewasha taa. Uliza ni nani atakayeshika daftari la akiba na ni nani atakayejifunza kutengeneza nyaya. Kisha ujitolee mwenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kijiji kitegemeacho taa ya mgeni hulala gizani.