Pini imekatikia ndani ya simu? Weka gundi chini kwanza, halafu sema ukweli kwenye tangazo



Leo naongelea kitu kidogo kuliko punje ya mchele lakini kinakula mtaji wa watu: pini ya hedifoni iliyokatikia ndani ya tundu. Wanaouza simu za mkononi mwa mtu, redio, spika na laptop wananielewa. Umenunua kifaa kwa mtu Mlango Mmoja au Igoma, kinawaka, kinachaji, kamera iko poa. Unapiga picha, unaposti, mteja analipia. Siku ya pili simu inaingia: "Dada, hii simu mbona haitoi sauti?"

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni. Muuzaji wa vifaa anatakiwa ajue kuikagua na kuitoa pini iliyokatika, na ajue pia pa kuishia. Ikishindikana, aandike kwenye tangazo. Kinachotuumiza siyo ile pini. Ni gundi na ukimya.

Yalinikuta mwenyewe. Nilinunua simu kwa 85,000 nikaiuza 120,000 kwa mteja wa Ukerewe. Nauli ya mzigo hadi Nansio, 5,000, nililipa mimi ili nimfurahishe. Nilikagua kila kitu kasoro tundu la hedifoni, kwa sababu siku hizi mimi mwenyewe natumia za bluetooth. Mteja alipoipokea, akipigiwa hasikii mpaka abonyeze alama ya spika kubwa, miziki haitoki, na juu ya kioo kuna alama ya hedifoni wakati hajachomeka chochote. Alijua nimemtapeli. Sikuwa nimemtapeli, lakini yeye angejuaje?

Nikamrudishia 120,000 yake, nikalipa 5,000 nyingine mzigo urudi. Kwa hasira nikachukua supa gluu nikapaka kwenye kijiti cha kuchokolea meno, nikasukuma ndani. Gundi ikashika kila kitu isipokuwa kile kipande. Fundi alinitazama akaniuliza, "Mama, ulikuwa unatengeneza au unaziba?" Kubadilisha kukanigharimu 25,000. Nikaja kuiuza kwa 105,000, safari hiyo kwa mtu wa hapa hapa mjini aliyeifuata mwenyewe. Piga hesabu: 105,000 kutoa 85,000, kutoa 10,000 za nauli, kutoa 25,000 za fundi. Hasara 15,000, bila kuhesabu makato ya kutuma hela. Ningeikagua kabla, faida ilikuwa 30,000 mkononi. Na yule mteja wa Ukerewe hajawahi kununua kwangu tena. Huyo ndiye hasara kubwa kuliko zote.

KWA NINI INAKATIKA, NA KWA NINI SAUTI INAPOTEA

Ile pini ya milimita 3.5 tunaiona kama chuma kimoja, lakini sivyo. Iangalie vizuri utaona vijiduara vyeusi au vyeupe, viwili au vitatu. Hivyo ni plastiki inayotenganisha vipande vya chuma: kimoja cha sikio la kushoto, kimoja cha kulia, kimoja cha waya wa chini, na kwenye zile zenye maiki kinaongezeka cha nne. Ncha ya mbele imeshikwa na kijiti chembamba kinachopita katikati. Simu ikikaliwa mfukoni, au ukipanda boda waya ukavutwa kwa upande, kile kijiti kinakatika kwenye plastiki.

Ncha ndiyo inayobaki ndani mara nyingi, kwa sababu ndani ya tundu kuna springi inayoingia kwenye shingo ya ile ncha na kuibana ili hedifoni isichomoke ovyo. Kilichowekwa kwa faida ndicho kinachokuja kukusumbua.

Sauti inapotea kwa sababu tundu lina sehemu ya kuiambia simu "kuna kitu kimechomekwa". Kipande kikiwa ndani, simu inaamini umevaa hedifoni, inapeleka sauti huko. Spika ni nzima kabisa. Kwa hiyo usikimbilie kubadilisha spika, na usikubali fundi akuambie "IC imekufa" kabla hajamulika tochi kwenye tundu.

"SIKU HIZI NANI ANATUMIA WAYA?"

Najua wapo watakaoniambia hivyo. Ni kweli simu nyingi za bei kubwa hazina tundu hilo tena; Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na wengine wakafuata. Lakini jiulize, wateja wako wananunua simu gani? Simu nyingi za bei ya chini zinazozunguka Makoroboi bado zina tundu. Redio zina tundu, subwoofer zina tundu, laptop za mtumba zina tundu.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalifikirii: kwenye simu nyingi redio ya FM inatumia waya wa hedifoni kama antena. Tundu likiziba, redio ndiyo basi. Mtu wa mjini mwenye bando anaweza asijali. Mteja wako wa kisiwani, au kijana wa dagaa anayekesha ziwani, anaweza kuwa anainunua simu kwa ajili ya redio hiyo hiyo. Ukimuuzia simu isiyoshika redio, kwake ni nusu simu.

JINSI YA KUITOA

Fuata kwa mpangilio, usiruke.

1. Zima kifaa. Kama betri inatoka, itoe. Toa kava.

2. Mulika tochi, angalia kipande kiko wapi. Kama ile pini iliyokatika bado ipo, ilinganishe na nzima ujue kimebaki kiasi gani ndani.

3. Kikiwa karibu na mdomo wa tundu, tumia kibanio chembamba cha mafundi. Kibane, kizungushe kidogo, kivute kikiwa kimenyooka. Usikipindishe upande.

4. Kikiwa ndani, chukua mrija wa wino wa biki ulioisha wino na ukauke vizuri. Upitishe kwenye tundu taratibu mpaka ukute kile kijiti cha katikati, uukandamize ukishike, halafu vuta. Usiposhika, pasha ncha ya mrija kidogo kwa kiberiti, ilainike tu isidondoke, rudisha, subiri ipoe kabisa ndipo uvute. Kwenye vifaa vingi hapa ndipo kinapotoka.

5. Ukijaribu mara tatu bila mafanikio, acha. Siyo mara kumi. Kila jaribio linaweza kukisukuma ndani zaidi au kupinda springi, na kazi ndogo ya fundi inakuwa kubwa.

Usifanye haya: usichokoe na pini au sindano, inakisukuma ndani. Usihangaike na sumaku, pini nyingi ni za shaba iliyochanganywa na metali nyingine, haivutwi. Usimwage maji wala mafuta. Na usigongegonge simu mezani, utavunja kioo pini ikiwa imetulia tu.

Gundi je? Wapo waliofanikiwa nayo, sikatai. Ni tone dogo kabisa kwenye ncha ya kijiti, kifaa kikiwa kimeinamishwa tundu liangalie chini ili gundi isitiririkie ndani, usubiri ikauke ndipo uvute. Lakini ikikosea kidogo inashika springi na kuta za tundu, na hapo hakuna kurudi. Kama ni simu yako na umekubali kuipoteza, shauri yako. Kwa kifaa cha mteja au cha kuuza, mimi nasema hapana.

UKIENDA KWA FUNDI

Nenda ukijua cha kuuliza. Kwenye simu nyingi za bei ya chini tundu la hedifoni liko kwenye bodi ndogo pamoja na sistimu chaji, hiyo inabadilishwa yote bila kugusa bodi kubwa. Kwenye nyingine limechomelewa kwenye bodi kubwa, kazi ni ngumu zaidi na bei inapanda. Muulize kwanza liko wapi. Kwa redio na spika, matundu mengine yana upenyo kwa nyuma. Akifungua anakisukuma kipande kutokea ndani, dakika mbili. Kubaliana bei kabla hajafungua, na kaa pale pale uone.

Kikitoka, chomeka hedifoni nzima na kuitoa mara kadhaa. Sikiliza kushoto, sikiliza kulia, jaribu maiki, washa redio. Kisha itoe, piga muziki, hakikisha sauti inatoka kwenye spika na ile alama ya hedifoni imepotea. Isipopotea, zima na uwashe. Ikibaki, springi imepinda, hiyo ni ya fundi.

Kuna programu za kulazimisha sauti itoke kwenye spika. Kwenye baadhi ya simu zinafanya kazi, na kama ni simu yako ikusaidie wiki mbili hizi. Lakini kuiweka kwenye simu unayouza ili mteja asigundue, huo ni utapeli. Siku akiifuta, au akirudisha simu kiwandani, ukweli unatoka na namba yako anayo.

KUHUSU UKIMYA

Hapa ndipo wengi mtanikasirikia. Hoja ninayosikia kila siku ni "nikisema, watakata bei". Ndiyo, watakata. Punguza hata 15,000 uuze kwa amani. Ukificha, hesabu yangu ya juu umeiona: bei nzima inarudi, nauli mara mbili, na mteja anakuposti kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili. Mwenye fremu mjini akigombana na mteja, mteja anaona duka, anaona kiti, anajua kesho atamkuta. Sisi wa mtandaoni mteja anaona picha na namba ya simu tu. Duka letu ni neno letu.

Na kisheria pia hatuko salama. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mnunuzi katika biashara. Udogo wa mtaji haukupi ruhusa ya kuficha kasoro unayoijua.

Andika hivi, kopi ukipenda:

"Simu nzima, chaji na kamera vinafanya kazi, laini mbili. Tundu la hedifoni lina pini iliyokatikia ndani, redio ya FM haishiki, sauti ya simu utaipata kwa spika kubwa au bluetooth. Bei imezingatia hilo. Video ipo, niandikie inboksi."

Tangazo la hivi linaleta mnunuzi anayejua anachonunua. Wengine ni mafundi, wanalitafuta kabisa.

NA WEWE UNAYEUZA HEDIFONI

Usifikiri umepona. Mteja wako anayeweka simu mfukoni kutwa nzima, boda na wapiga debe, mshauri pini iliyopinda kama herufi L. Haivunjwi kirahisi kama ile ndefu iliyonyooka. Mwambie achomoe kwa kushika pini, siyo kuvuta waya. Na wote tunaotuma mizigo: usifunge kifaa hedifoni ikiwa imechomekwa. Kutoka Nyegezi stendi hadi mkoani, au kwenye meli ya kwenda visiwani, boksi linapangwa chini ya mengine. Pini inaanza safari ikiwa nzima, inafika vipande viwili.

Kwa hiyo kuanzia leo, kwenye orodha yako ya ukaguzi ongeza mstari mmoja: mulika tundu, chomeka, sikiliza, toa, sikiliza tena. Ni dakika moja. Mimi hiyo dakika moja niliilipia 15,000 na mteja mzima wa Ukerewe.

Wewe ulishawahi kukutana na pini iliyokatika? Uliitoaje, na ulimwambia mteja au ulikausha? Andika hapo chini, tusidanganyane. Na kama una mwenzako anayeuza simu, mtumie hii kabla hajafungua chupa ya gundi.