Droni ya harusi ina kibali, ya vita haina mkataba

Ukitaka kurusha droni upige picha za harusi juu ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, lazima uwe na kibali cha TCAA. Sasa droni ya vita inayotumia akili mnemba, ikachagua yenyewe nani wa kumpiga? Hiyo bado haina mkataba wake.

Siyo kwamba sheria hakuna kabisa. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, ambayo Tanzania imejiunga nayo, inaitaka kila nchi ikague silaha mpya kabla ya kuitumia. Shida ni kwamba nchi inajikagua yenyewe, na majibu inaweza kuyafungia kabatini.

Desemba 2024, nchi 166 ziliunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu silaha hizi. Urusi, Belarus na Korea Kaskazini zikapinga. António Guterres alitaka mkataba uwe tayari 2026.

Kwetu hili si la mbali. Wanajeshi wetu walipelekwa mashariki mwa Kongo 2013, na droni za kivita zinaruka kule, ingawa mtu ndiye anaziongoza. Siku mashine ikiamua yenyewe ikaua raia, je? ICC inashtaki watu, si mashine. Aende nani kizimbani: askari, kamanda au aliyeandika programu? Kwa maoni yangu, mkataba ungeanzia hapo.